Fanya Juu: Mwongozo kwa Wanaotarajia Kukutana na "Make Up"

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyesoma Kiingereza miaka mingi, ukafaulu, ukapewa cheti, ukakitia kwenye fremu. Unajua kwamba "make" ni fanya. Unajua kwamba "up" ni juu. Siku moja umeyakuta maneno hayo mawili yamekaa pamoja katika sentensi, ukayajumlisha kama mwanafunzi mwema wa hesabu, ukapata "fanya juu". Pole sana. Hesabu yako ni sahihi, ila hicho kipindi hakikuwa cha hesabu.

Soma maelekezo yafuatayo kwa utulivu, ukiwa umekaa.

1. Namna ya kumtambua

"Make up" ni wa kundi ambalo Waingereza huliita "phrasal verbs". Sisi hapa tutaviita vitenzi vyenye mkia. Mbele kuna kitenzi kifupi cha nyumbani, kama make, put, take, get au turn, ambacho kila mtoto wa darasa la nne anakijua. Nyuma yake kuna kijineno kisicho na hatia: up, down, in, out, off. Ukikikuta kila kimoja peke yake, ni kipole kama mbuzi wa jirani. Vikishaongozana, huwezi tena kusema vinaelekea shamba la nani.

Usione haya kuchanganyikiwa. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi aliyoichapisha London mwaka 1755, alikiri waziwazi kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote, na kwamba vingine vimekiuka kila utaratibu. Jina lenyewe lilichelewa kufika. Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha 1925, akaeleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford. Kwa maneno mengine, Waingereza walibembelezana, walitukanana na kupatana kwa vitenzi hivi karne nyingi kabla hawajakubaliana viitweje. Si ajabu. Mwenye nyumba hupita gizani bila taa, na mgeni ndiye anayejigonga kwenye kizingiti.

2. Mafunzo kwa vitendo

Tuingie katika nyumba moja ya kubuni mjini London, ya mume na mke, siku ya Ijumaa jioni. Kaa kimya pembeni, usiguse kitu.

Saa kumi na mbili, mke yuko mbele ya kioo. "She is making up." Anajipodoa. Hapa uko salama kabisa, maana neno hili umelizoea tangu saluni ya mtaani kwenu.

Saa tatu usiku, mume anarudi. Aliahidi kufika saa moja. Anaeleza kwa kirefu habari ya treni iliyokwama. Mke anamsikiliza hadi mwisho, kisha anasema, "You made that up." Tafadhali usimkazie mume macho usoni kutafuta poda. Ameambiwa kwamba amezua.

Saa tatu na nusu, ugomvi umepamba moto. Mke anasema, "My mind is made up." Akili yake haijapakwa rangi, wala hajaizua. Amekwisha kukata shauri, na shauri lenyewe bado li moyoni.

Saa nne, shauri lenyewe linajulikana. Mke anachukua shuka na mto, "and makes up a bed on the sofa". Usidhani kitanda hicho ni cha uongo kwa kuwa hadithi ya treni ilikuwa ya uongo. Kimetandikwa kweli kweli, na mgongo wa mume utatoa ushahidi asubuhi.

Jumamosi asubuhi, mume anaingia na maua. Anataka "to make up for last night". Anatafuta kufidia.

Saa sita mchana, rafiki wa mke anapiga simu, anauliza, "Have you two made up?" Ukiwa umejifunza kwa bidii tangu jana jioni, utajibu kwa kujiamini kwamba la, mke alijipodoa lakini mume hakujipodoa. Rafiki alitaka kujua tu kama wamepatana.

Hesabu sasa: maana sita, watu wawili, sofa moja, na neno ni lile lile. Ukitoka humo ndani utayakuta mengine barabarani. Mfamasia "makes up" dawa, yaani anaichanganya kwa vipimo vya daktari. Fundi cherehani "makes up" kitambaa, kikawa suti. Shirika la reli "makes up" treni, likiunganisha mabehewa. Wachezaji watatu wa karata wanamtafuta wa nne "to make up a four", ili idadi itimie. Na gazeti likiandika kwamba wanawake "make up" nusu ya wakazi wa mji fulani, elewa kwamba ndio nusu ya wakazi. Habari hiyo haikupelekwa na chama cha wenye saluni.

Ukivuka bahari hadi Marekani, utakutana na "make-up exam". Mwanafunzi wa chuo kikuu cha kwetu asikimbilie kuutafsiri kuwa sapu. Sapu ni ya aliyeingia kwenye chumba cha mtihani, akafanya, akafeli. Huu ni wa yule ambaye hakuingia kabisa, pengine alikuwa kitandani na homa.

3. Onyo maalumu kuhusu mkia wa pili

Baadhi ya vitenzi hivi, badala ya kutosheka na mkia mmoja, huota wa pili. Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao wanapoumia.

"Make up with" mtu ni kupatana naye. "Make up for" jambo ni kulifidia. "Make up to" mtu ni kujipendekeza kwake, kujikomba, hasa kwa mkubwa mwenye kitu unachokitaka. Na "make it up to" mtu ni kumfidia kwa ubaya uliomtendea. Tazama tena hayo mawili ya mwisho. Kinachoyatenga ni "it", kijineno cha herufi mbili ambacho kwa Kiswahili mara nyingi hatukitafsiri.

Tuseme umechelewesha ripoti wiki mbili, na umeamua kumwandikia mkuu wako wa kazi ujumbe wa uungwana. Ukiandika, "I will make it up to you," wewe ni mtumishi mwadilifu anayejua kosa lake. Ukiisahau "it", ukaandika, "I will make up to you," basi umemwarifu mkuu wako kwa maandishi, na nakala kwa afisa utumishi, kwamba kuanzia Jumatatu unakusudia kujikomba. Yawezekana atakusifu kwa uwazi wako. Si wengi wanaotangulia kutoa taarifa.

4. Nani akae wapi

Swali jingine la msafiri ni kuhusu viti. Ukisema "hadithi", neno hilo lina ruhusa ya kukaa popote: "he made up the story" na "he made the story up" zote ni safi. Lakini hadithi ikigeuka kuwa kiwakilishi, "it", ruhusa inafutwa. Ni "he made it up" tu. Ukisema "he made up it", Mwingereza atakuelewa, atatabasamu, na hatakuambia kitu. Ndiyo adhabu yenyewe.

Ili usisahau, kumbuka familia kwenye bodaboda. Baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati. Abiria mtu mzima, kama "hadithi", anaweza kukaa katikati au nyuma kabisa akipenda, lakini mtoto, kwa kuwa ni mwepesi na anaweza kuanguka, hubanwa katikati. "Make" mbele, "up" nyuma, "it" katikati.

Sheria hii hufanya kazi mpaka mkia wa pili unapopanda. Hapo mtoto anasogezwa hadi mwisho kabisa: "make up for it". Na katika "make it up to you" kuna watoto wawili, mmoja katikati na mwingine nyuma ya wote. Usiite trafiki. Wao wana kibali.

5. Juu ambayo si juu

Sasa utauliza: hiyo "up" inatafuta nini humu, ikiwa hakuna kilichopanda? Swali zuri, lakini umemuuliza asiyependa kujibu. Nyumba ya Mwingereza ikiungua, "it burns down". Barua zilizokuwa ndani yake zikiungua, "they burn up". Moto ni mmoja, majivu ni yale yale. Akikupa fomu, unaweza "fill it in" au "fill it out", na afisa ataipokea vilevile. Dereva anaweza "slow down" au "slow up", na gari litapunguza mwendo kwa namna moja. Mtu anayetafuta mashariki na magharibi katika maneno haya atazunguka hadi jua lizame.

Mara nyingi "up" huja kusema kwamba jambo limefika ukomo wake: "drink up", kunywa uimalize, "eat up", kula usibakize. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kushona. Kutupa ni kutupa, lakini kutupilia mbali ni kutupa bila nia ya kwenda kuokota. Kupata kunazaa kupatana, kupatana kunazaa kupatanisha, na kila mkia tunaushonea ndani ya kitenzi, uzi hauonekani. Mwingereza yeye huuacha mkia wake unaning'inia nje, upepo ukivuma unakwenda upande wa pili wa sentensi.

Ndiyo maana wachache waliofanikiwa kuhamia kwetu tuliwashona kwanza. Bibi harusi anapakwa mekapu. Mchuuzi anabeba nyanya kwenye pikapu. Mlevi aliyefanya fujo analala lokapu, na asubuhi anaamka na hangova. Fundi wa kompyuta anakuuliza kama ulihifadhi bakapu. Wote hawa walizaliwa na vitenzi vyenye mkia huko walikotoka. Hapa ni majina yenye adabu, wote na ngeli yao: mekapu yake, pikapu zetu, lokapu ya kituo cha polisi. Hakuna hata mmoja anayethubutu kujigawa katikati ya sentensi.

6. Usimkate mwenye nao, usimpe asiye nao

Afrika Mashariki tuna desturi mbili kuhusu mikia hii. Ya kwanza ni kuikata. Rafiki anakuandikia, "Pick me at six." Kwetu kila mtu anajua maana yake: nipitie saa kumi na mbili. Lakini bila "up", kwa sikio la mtu wa London, mwenzako ameomba achaguliwe, au achumwe kama embe. Ya pili ni kugawa mikia bure. Tunasema "cope up with", ilhali "cope" alizaliwa na "with" tu. Inaonekana tulimwona yuko mpweke, tukamwazima "up" ya yule tuliyemkata.

Hapa mwongozo hauchukui upande. Ukiwa Nairobi, Arusha au Kampala, sema kama wenzako, utachukuliwa saa kumi na mbili bila shida. Ukiwa kwenye mtihani, rudisha kila mkia kwa mwenyewe.

7. Mavazi yanayofaa

Vitenzi vyenye mkia ni nguo za nyumbani. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, shughuli za utawala, sheria na elimu zilifanyika kwa muda mrefu kwa Kifaransa na Kilatini, na kutoka huko Kiingereza kikajaza kabati la suti. Kwa hiyo karibu kila maana ya "make up" ina ndugu yake aliyevaa tai: "invent" kwa kuzua, "compensate" kwa kufidia, "constitute" kwa kuwa sehemu ya, "reconcile" kwa kupatanisha, "decide" kwa kukata shauri.

Mgeni aliyesoma sana hupenda suti, kwa kuwa suti haina mkia. Matokeo yake anamwambia mtoto wa miaka mitano aende "kureconcile" na mdogo wake, na mtoto anabaki anamtazama. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Serikali mbili zilizorudisha mabalozi baada ya miaka ya uhasama haziandikiwi katika taarifa rasmi kwamba "they made up", kana kwamba zilinuniana kwenye kitchen party. Wapenzi, watoto na mashosti ndio wenye haki na kitenzi hicho.

8. Ikitokea umefika Liverpool

Umejifunza kila kitu kilichotangulia. Unashuka kwenye treni mjini Liverpool, unakutana na shabiki wa mpira ambaye timu yake imeshinda. Anakuambia, "I'm made up!" Unamkagua usoni: hana poda. Unajiuliza kama anakiri kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kubuni. La. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingine za kaskazini mwa Uingereza na kule Ireland, "made up" ni mtu aliyefurahi kupita kiasi. Mpongeze, endelea na safari. Habari hii haimo katika vitabu vingi vya shule, na mwalimu wako hana kosa.

9. Kabla hujalalamika

Hapa msomaji mwenye hasira atasema kwamba hii si lugha, ni mtego. Ningemuunga mkono, isipokuwa kuna mgeni amekaa barazani kwetu na daftari mkononi, na anatutazama sisi.

Mgeni huyu amejifunza kwamba kupiga ni kumtwanga mtu. Kisha ameishi nasi siku moja. Alfajiri mwenyeji wake amepiga mswaki, binti amepiga deki, kijana amepiga pasi, baba amepiga simu, bibi amepiga magoti akasali, na mtoto amepiga chafya. Saa mbili asubuhi haijafika, na mgeni ameshaandika nyumbani kwao kwamba amefikia katika familia ya mabondia.

Akakimbilia kitenzi kingine, kutunga, akidhani huko kuna amani. Bunge limetunga sheria. Mshairi ametunga shairi. Mwalimu ametunga mtihani. Mwongo ametunga uongo. Nyanya ametunga shanga. Mwanamke ametunga mimba. Jipu limetunga usaha. Kitenzi kimoja kinawahudumia mbunge na jipu, wala msomaji asinilishe maneno. Ukitazama vizuri, huyu kutunga ni shemeji wa "make up": anazua, anaunda, anaunganisha vipande vikawa kitu. Sisi hatukuwahi kumwona ana kichaa, kwa sababu tulilelewa naye.

Na kilele cha kisasi chetu kipo Machakos, nchini Kenya. Huko wakulima wa milimani hutumia aina ya matuta ya kuzuia mmomonyoko iliyojulikana tangu miaka ya 1950 na kuenea sana katika miaka ya 1970 na 1980. Unachimba mtaro ukifuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani ya kushika ukingo. Mvua hazishuki tena na shamba zima, na mwaka hadi mwaka ardhi kati ya kingo hujisawazisha kuwa ngazi. Matuta hayo huitwa "fanya juu". Udongo ukitupwa upande wa chini, huitwa "fanya chini". Wataalamu wa udongo wa nchi za nje walilichukua neno letu kama lilivyo, na leo limo katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya ardhi, herufi kwa herufi.

Sasa mfikirie msomaji wa London anayekutana na "fanya juu" kwa mara ya kwanza. Anafungua kamusi. Fanya: "make". Juu: "up". Anajumlisha kama mwanafunzi mwema wa hesabu, na anabaki anajiuliza kwa nini wakulima wa Machakos wanajipodoa mlimani.

10. Maelekezo ya mwisho

Ukikutana na "make up", usimuulize yeye maana yake, hatakuambia. Tazama kilicho karibu naye. Akiwa na kioo, ni poda. Akiwa na kisingizio, ni uzushi. Akiwa na shuka, ni kitanda. Akiwa na maua, kuna mtu alilala kwenye sofa. Akiwa na asilimia, ni takwimu. Na ukimkuta mgeni wetu amesimama na pasi mkononi, akiuliza aipige wapi, usimcheke, mwonyeshe shati.

Halafu rudi kwenye ile ripoti yako iliyochelewa. Kabla hujautuma ule ujumbe kwa mkuu wa kazi, hakikisha "it" imo.